Zamu ya Chausiku

Mashine ilikuja ndani ya robota la viatu vya mtumba,
haina boksi, haina maelezo,
na diski moja tu tumboni: besiboli ya watoto.
Fundi Rukonge akaniambia, "Chukua, bei ya kutupa,"
nikaiweka kibandani, Tandika, nyuma ya wauza mikoba,
shilingi mia mbili kwa zamu.

Kile kijiti cha kukaa juu ya runinga,
kinachoisaidia rimoti kujua mkono wako uko wapi,
kilikuwa kimekatika waya.
Rukonge akawasha mishumaa miwili,
akaitenganisha shubiri moja na nusu,
na mashine ikaamini.
Anasema haitafuti mengi,
nukta mbili za moto, basi.
Tangu siku ile nanunua mishumaa kwa pakiti
na mama Hamduni ananiuliza kama nimeanza uganga.

Sheria hatukuzijua.
Kwenye kioo, watoto wa kofia,
glovu moja imeumuka kama mkate wa kumimina,
wanatafuna kitu kisichokwisha.
Huyu anarusha, yule ana gongo.
Ukipunga ukakosa, moja. Ukikosa tena, mbili.
Ya tatu unatoka, hakuna rufaa.
"Talaka tatu," alisema Kitwana,
na jina likakaa.
Hata leo ukikosa, kibanda kizima kinakupigia kelele:
Umeachika! Rudi kwenu!

Wavulana hupunga kama wanafukuza mbwa.
Ndiyo maana rimoti ina kamba ya kufunga mkononi,
sharti langu, tangu Hamduni alipoiachia
ikaenda kupasua chupa mbili za soda, moja ya mteja.

Chausiku alikuja na dumu la maji kichwani.
Akasimama mlangoni siku tatu, hakuomba zamu.
Ya nne akatoa mia mbili, sarafu imelowa.

Waulizeni mtaa wa pili kuhusu Chausiku na rede:
yuko kati, mpira wa soksi unatoka huku, unatoka huku,
anainama, anaruka, anapinda kiuno,
na chupa yake inajaa mchanga.
Aliyezoea kuukwepa mpira
anaijua njia yake kuliko anayeutafuta.

Akakosa wa kwanza.
Akakosa wa pili.
"Mbili hizo! Funga virago!"
Akavuta mkono nyuma ya sikio
kama anayetaka kutwanga, ila kinu kiko ubavuni.
Mpira ukamtoka yule mtoto wa kofia,
mweupe, unakua, unakua

na luku ikaisha.

Sikununua uniti.
Hela yake nilinunulia mishumaa.

Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza.
Ikabaki ile miwili, inawaka,
na Chausiku mbele yake, mkono nyuma ya sikio,
hajauteremsha.
"Toka, umeme umekwenda," Kitwana akasema.
"Mpira haujafika."

Tukasubiri naye. Sijui tulisubiri nini.
Watoto tisa, hakuna aliyekohoa.

Kisha akapunga,
na upepo wa mkono ule ukazilaza ndimi mbili za moto,
zikalala kabisa, nusura zizime,
zikainuka.

Hakuna aliyetamka talaka.

Akafungua kamba, akaweka rimoti juu ya kreti,
akakimbia: akagusa stuli, akagusa kreti,
akagusa mlango, akarudi pale pale aliposimama.
Kwa kuwa mchezo ule, kumbe, ndivyo ulivyo:
unakimbia weee, ili ufike ulipoanzia,
na hapo ndipo unapohesabiwa.
Akajitwika dumu lake, akaondoka.

Kitwana anasema alikosa.
Hamduni anasema mpira ule mpaka sasa uko Temeke, unatafutwa.
Mimi nilifungua daftari la madeni, nikaandika kwa mwanga uliokuwepo:
Chausiku. Zamu moja. Haijaisha.